Wakili Mjanja na Mafundi Wake

Kumtunga mhalifu ni kazi nyepesi ukilinganisha na kumtunga wakili wake. Mhalifu wa tamthilia ukimpa bastola, gari jeusi na kovu shavuni, mtazamaji amekwisha kumwogopa kabla hajafungua kinywa. Wakili wake hana silaha ila hicho kinywa. Mwandishi anayetaka tuamini kwamba mtu huyu anaweza kumtoa muuaji kizimbani kwa maneno, sharti ayaandike maneno yenyewe, tuyasikie kwa masikio yetu, na tukubali kwamba hata sisi tungekuwa mahakimu tungeyumba. Wengi hawaiwezi kazi hiyo. Ndiyo maana mawakili wa tamthilia nyingi za uhalifu ni suti tupu: anaingia, anasema mteja wake hatajibu swali lolote, anatoka.

Saul Goodman si suti tupu. Alitokea mara ya kwanza mwaka 2009, katika msimu wa pili wa Breaking Bad, tamthilia ya Vince Gilligan kuhusu Walter White, mwalimu wa kemia wa Albuquerque, New Mexico, anayegeuka kuwa mpishi wa dawa za kulevya. Kipindi alichotokea kiliandikwa na Peter Gould. Walter na mshirika wake Jesse wanamteka wakili huyu usiku, wanampeleka jangwani na kumpigisha magoti mbele ya kaburi lililokwisha kuchimbwa. Wamefunika nyuso. Saul anadhani wametumwa na watu wengine kabisa. Analia kwamba si yeye, ni Ignacio, na anauliza kama ni Lalo aliyewatuma. Kisha anatambua kwamba hawa walio mbele yake wanaogopa karibu sawa na yeye. Machozi yanakatika. Anawaambia wamtie dola moja mfukoni kila mmoja, maana wakishamlipa wamekuwa wateja wake, na siri ya mteja inalindwa na sheria.

Dakika chache tu, na mtu aliyekuwa anaomba roho yake amefungua ofisi kando ya kaburi lake mwenyewe. Hakuna mhusika aliyesimama kutuambia kwamba huyu bwana ana akili. Tumeziona zikifanya kazi. Na yale majina mawili, Ignacio na Lalo, mwaka 2009 yalikuwa majina tu, hayakuwa na mtu nyuma yake. Gilligan na Gould walipoanza Better Call Saul mwaka 2015, tamthilia inayomhusu Saul mwenyewe, waliyarudia. Ignacio akawa Nacho Varga, aliyeigizwa na Michael Mando; Lalo akaja mwaka 2018 kwa sura ya Tony Dalton, mcheshi, mpishi hodari, na muuaji asiyepandisha sauti. Maneno mawili ya mtu aliyetishwa yakazaa watu wawili wazima. Ninawaheshimu waandishi wa namna hiyo, wanaojiona wana deni hata kwa neno lililowatoka kwa kupita.

Huku Busawe, wilaya ya Serengeti, ng'ambo ya Mto Mara ukitokea Tarime, sizoni kama hizi hutufikia kwa flashi na memori kadi. Anayezitazama hapa hahitaji kuelezwa maana ya kusimama mahakamani bila mtetezi, kwa sababu Hifadhi ya Serengeti iko jirani. Mtu akikutwa na nyama ya nyumbu anashtakiwa kwa kupatikana na nyara za Serikali, chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na shauri linaendeshwa kama la uhujumu uchumi. Katika kesi za Serengeti nyumbu huthaminiwa dola 650 za Marekani, na kipande cha paja kikikamatwa huhesabiwa mnyama mzima. Thamani ikivuka shilingi milioni moja, kifungo hakipungui miaka 20. Mara nyingi mshtakiwa anayapokea hayo akiwa peke yake. Shahidi wa upande wa mashtaka akimaliza, hakimu anamgeukia mshtakiwa na kumuuliza kama ana maswali. Naye anajibu kwamba shahidi amesema uongo. Hilo si swali. Linaandikwa hivyohivyo, na kesi inasonga.

Ilhali ndani ya kesi hizohizo mara nyingine mna mlango. Nyama huoza, haiwezi kungoja siku ya hukumu, kwa hiyo askari huomba amri ya hakimu iteketezwe, na badala yake hubaki fomu ya orodha ya vielelezo. Mahakama ya Rufani imekwisha kusema kwamba mshtakiwa sharti awepo mbele ya hakimu huyo na asikilizwe. Asipokuwepo, fomu ile inapoteza nguvu yake kama ushahidi. Wapo waliokaa gerezani miaka kadhaa kabla jambo hilo halijaonekana kwenye rufaa.

Kwa hiyo Saul anapoingia chumba cha mahojiano akiwa na mkoba na tai ya rangi kali, mtazamaji wa huku humpokea kwa hamu ya pekee. Anatamani angekuwa naye. Anajua fika ni mtu mchafu, anaona anavyoghushi, anavyonunua mashahidi, anavyowashauri wateja wake mambo ya kishetani, na bado anatamani. Kumfanya mtu mwema amtamani mtu mbaya bila kumficha ubaya wake hata chembe, huo ndio ufundi ninaousifu hapa. Kumpamba ni rahisi, na kumlaani ni rahisi. Gilligan, Gould na wenzao walikataa njia zote mbili.

Walianza kwa kumshindisha. Kipindi cha kwanza cha Better Call Saul kinatuonyesha mahakama nzima ikimngoja wakili wa utetezi, ambaye bado anaitwa Jimmy McGill. Yuko chooni anaifanyia mazoezi hotuba yake, mikono ikipunga hewani. Anatoka, anazungumza. Anazungumza vizuri mno: vijana hawa watatu ni watoto, nani hakufanya upuuzi akiwa na umri huo? Unaanza kuwahurumia hata kabla hujajua walifanya nini. Mwendesha mashtaka hajibu neno. Anasukuma runinga katikati ya chumba na kuweka mkanda, nasi tunawaona vijana wale wakikata kichwa cha maiti. Kesi imekwisha. Jimmy anapokea hundi ya dola 700, anatoka kuliendea gari lake chakavu la Suzuki, la manjano, lenye mlango mmoja wa rangi nyingine, na hata getini anashindwa kutoka kwa sababu stika zake za maegesho hazitoshi.

Mwandishi mwoga angempa shujaa wake ushindi siku ya kwanza. Hawa walitufundisha kwanza kwamba maneno matamu yana ukomo wake, kwamba ushahidi ulio wazi huyakata kama panga. Baada ya hapo kila anaposhinda tunajua ameshinda nini. Ushindi wake unatoka kwenye kukesha: kusoma takataka za kampuni iliyozichanachana nyaraka zake, kuunganisha vipande kimoja kimoja mezani, kubadilisha tarakimu kwenye anwani, 1261 ikawa 1216, kwa mkasi na gundi kwenye duka la fotokopi lililo wazi usiku kucha. Hata hila ya Jimmy ina jasho, na kamera haikimbii, inakaa naye mpaka kazi iishe.

Bob Odenkirk, aliyemwigiza, alitokea kwenye uandishi na uigizaji wa vichekesho, na hilo linaonekana. Mchekeshaji anajua kusikiliza chumba. Mtazame Saul anapozungumza na mtu: macho hayatulii, yanatafuta neno lipi limeingia na lipi limegonga ukuta, na likigonga anabadilisha hapohapo, sauti inashuka, anakuwa rafiki, anakuwa mchungaji, anakuwa mteja wa mteja wake. Julai 2021 alianguka kwa shambulio la moyo wakati msimu wa mwisho unarekodiwa, akarudi baadaye kuumalizia. Sioni mahali kwenye msimu ule ambapo mkono wake unapungua.

Lakini kipindi ninachokirudia kuliko vyote ni kile cha mwaka 2017 kiitwacho Chicanery. Kaka yake Jimmy, Chuck, anayeigizwa na Michael McKean, ni wakili mkubwa, mnyoofu, anayeiheshimu sheria kama muumini. Ana ugonjwa anaousadiki kwa moyo wote: umeme unamuunguza. Haingii kwenye nyumba yenye taa, hashiki simu. Naye ndiye anayetaka Jimmy avuliwe uwakili kwa kuvunja nyumba yake na kuharibu mkanda aliomrekodi akikiri kwamba alighushi zile anwani kwenye hati zake, na kwa hilo ana haki. Jimmy mwenyewe anamhoji kaka yake maswali ya dodoso, taratibu, kwa heshima, kuhusu ugonjwa wake. Anatoa simu mfukoni. Chuck anang'amua kwamba simu haina betri, anatabasamu, amemkamata mdogo wake katika hila ya kitoto. Ndipo Jimmy anamwomba atazame kwenye mfuko wake wa juu. Betri imo humo, imejaa chaji. Ilitiwa na mtu aliyegongana naye kwenye ngazi, saa 1 na dakika 43 zilizopita, na Chuck hakuhisi kitu.

Hapo Chuck anapasuka. Anayamwaga yote, kinyongo cha tangu utotoni, mbele ya jopo linalosikiliza kwa mshangao, na kila analolisema kuhusu mdogo wake ni kweli. Ukweli wote uko kwake, naye ndiye anayeangamia. Jimmy ameshinda kesi, na usoni mwake hakuna furaha. Msimu unaofuata unapoanza, Chuck amekufa. Nimeona mijadala mingi ya mahakamani kwenye runinga, na sijaona nyingine ambapo hila moja ndogo, iliyopangwa kwa usahihi hivyo, inakuwa wakati mmoja ushindi wa kisheria na mauaji ya ndugu.

Mkoa wetu wa Mara una sehemu yake katika historia ya wakili mjanja kwa Kiswahili. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, aliitafsiri tamthilia ya Shakespeare kwa jina la Mabepari wa Venisi, ikachapishwa mwaka 1969. Kiini chake ni kesi. Shylock anadai ratili ya nyama ya mwili wa Antonio kwa mujibu wa mkataba, na mkataba ni halali. Anayekuja kumwokoa Antonio ni Portia, mwanamke aliyejigeuza mwanamume, amevaa joho lisilo lake, hana cheti cha sheria, na mume wake mwenyewe ana maslahi katika kesi ile. Anakubali kwamba nyama ni haki ya Shylock, kisha anauliza mkataba unasema nini kuhusu damu. Haumo. Leo Chama cha Mawakili Tanganyika kingemwita kishoka, na kwa sheria zetu angestahili kushtakiwa. Vizazi vya wanafunzi vimempigia makofi. Shakespeare naye alijua kwamba hila haitoshi peke yake: kabla ya kuuliza habari za damu, Portia anamwomba Shylock huruma, tena na tena, na sisi tunamwona akikataa. Mlango unafungwa kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa nini basi tamthilia zetu za Afrika Mashariki hazijamleta wakili wa aina hii? Nadhani ni kwa sababu kwetu msemaji ni mshtakiwa mwenyewe. Vioja Mahakamani ya KBC imeishi miaka mingi nchini Kenya kwa msingi huo: Hakimu Lucy Wangui alikuwa juu, mwendesha mashtaka Gibson Gathu Mbugua alikuwa pale, na kizimbani Ondiek Nyuka Kwota au Makokha alijitetea kwa ulimi wake, hakuwa na wakili. Watunzi wale waliiona mahakama ya mtu wa kawaida kama ilivyo. Tanzania nako, kwa miongo mingi sheria haikumruhusu wakili kusimama Mahakama ya Mwanzo. Mlango umefunguliwa kidogo tu miaka ya karibuni, pale shauri linaposikilizwa na hakimu mkazi. Na kwenye ritongo la Wakuria, wizi wa ng'ombe unapojadiliwa mbele ya wazee na jamaa, ujuzi wa kusema ni wa kila mtu mzima, haukodishwi.

Lakini mambo yamebadilika. Vishoka wapo, wanaandika hati za viapo kwa mihuri ya watu wengine. Mawakili halisi wapo pia, wengine wasafi, wengine wanajua afisa gani anywe chai na nani. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria vijijini. Uwanja umejaa watu, na hakuna aliyewaandika.

Anayetaka kuanza asichukue suti za Saul. Achukue namna mwisho wake ulivyoandikwa mwaka 2022. Saul amekamatwa, anakabiliwa na kifungo cha maisha na zaidi, na kwa maneno tu, akiwahakikishia waendesha mashtaka kwamba anahitaji mtu mmoja tu wa baraza la mahakama kumwamini, anaishusha adhabu hadi miaka 7 hivi. Ni kazi yake bora kuliko zote. Kisha anasimama mahakamani mbele ya Kim Wexler, mwanamke aliyempenda, na kuivunja mwenyewe, anakiri kila kitu, anadai arudishiwe jina la McGill, anahukumiwa miaka 86. Waandishi walimwacha afike kileleni mwa ujanja wake ndipo akatae. Angekiri kwa kushindwa, tusingejali.

Mwandishi huyo wetu aje akae kwenye mabenchi ya Mahakama ya Wilaya pale Mugumu, asubuhi kesi za nyara zinapotajwa. Asikilize hati ya mashtaka ikisomwa, aulize hati ya ridhaa ya Mkurugenzi wa Mashtaka hutiwa saini na nani, ajue fomu ya vielelezo ina nafasi ngapi za saini na ipi mara nyingi huachwa wazi. Aketi nje pia, chini ya mti, ambapo mama wa mshtakiwa anaulizwa na mtu mwenye bahasha ya kaki kama familia ina ng'ombe wangapi. Wakili wa kumwandika yuko hapo katikati ya mabenchi na mti, na jibu la mama yule kuhusu ng'ombe ndilo litakaloanzisha kipindi cha kwanza.