Gari inasema na nani?

Mimi ni mtu wa agronomia, siyo wa elektroniki. Lakini viazi na kabichi zetu vinapanda kamiyo, njo maana naingilia.

Mwaka 2021 Uganda ilisaini mkataba na kampuni ya Urusi, Joint Stock Company Global Security, ili magari na pikipiki zibebe plaki zenye kufuatiliwa. Walianza na magari ya serikali, Novemba 2023. Huku Kimemi nimesikia wenzetu wakisifu sana: eti magari ya jirani sasa yameunganishwa.

Yameunganishwa na nani? Plaki ile inasema na serikali tu. Gari yenye iko nyuma yako haisikii kitu. Inasaidia kutafuta mhalifu kesho, sawa, lakini haimwonyi shofere leo.

Kuna namna ingine. Kule Ulaya, Volkswagen Golf za tangu mwisho wa 2019 zinatumiana habari moja kwa moja, kwa mawimbi ya gigahertzi 5.9, mpaka karibu mita 800. Hakuna SIM kadi, hakuna kupitia antena ya kampuni ya simu. Ya mbele ikifunga breki ghafla, ya nyuma inajua mbele dereva hajaona.

Sasa fikirieni barabara ya Beni-Komanda. Tarehe 1 Septemba 2021 msafara wa magari ulishambuliwa pale, hata kama wanajeshi walikuwa wanausindikiza. Sisemi mawimbi yangezuia risasi, hapana. Nasema mstari wa magari ni mrefu kuliko macho, na shofere wa mwisho anategemea simu. Rezo nayo inakufa porini, pale penye tunaihitaji zaidi. Kifaa chenye kinategemea rezo kinakufa nayo.

Ile ya gari kwa gari pia ina kasoro, na siyo ndogo. Magari yote mawili lazima yawe na kifaa, tena yasikilizane. Toyota ilianza ya kwake Japani mwaka 2015, kwa megahertzi 760. Golf haiwezi kuisikia hata kidogo. Na sisi, magari yetu mengi si okazioni za Japani?

Kwa sasa tuko na taa na honi. Shofere akikuwashia taa mara mbili pale Maboya, unajua kuna kitu mbele. Siku Kinshasa italeta plaki kama zile za Uganda, mimi nitauliza kwanza: gari yenye inanifuata itasikia nini?