Sudoku ya Inkala: kubahatisha au kuthibitisha?

Mwaka 2012 mwanahisabati wa Finland, Arto Inkala, alitoa sudoku iliyotangazwa kuwa ngumu kuliko zote. Ina namba 21. Usidanganyike na uchache. Zipo zenye 17 ambazo ni rahisi. Hii ni ngumu kwa sababu mbinu za kawaida, kama kutafuta jozi, zinagoma mapema. Wengi wanailaumu eti ni kubahatisha tu. Mi sikubali. Mstari wa 8, kisanduku cha 7 toka kushoto, kinakubali 3 au 9 tu. Weka 3, fuatilia. Ukifika pasipowezekana, jibu ni 9. Huo ni uthibitisho kamili. Kasoro ipo: ndani ya jaribio unalazimika kujaribu tena, na tena. Kwenye foleni ya Kipawa, bila karatasi, utapotea.