Kioo cha Hubble na Kipimo Kilichopotoka kwa Milimita 1.3

Kioo kikuu cha darubini ya Hubble kina kipenyo cha mita 2.4, na kilisuguliwa kwa umakini wa hali ya juu. Bahati mbaya kilisuguliwa kufuata umbo lisilo lake. Ukingoni kilipungua takriban mikroni 2, kiasi kidogo mno kuliko unene wa unywele, lakini kikatosha kutia ukungu picha zilizoanza kupokelewa duniani mwaka 1990.

Kazi ilifanywa na kampuni ya Perkin-Elmer mjini Danbury, Marekani. Kioo cha namna hiyo hupimwa kwa mwanga. Mwale wa leza hugawanywa: sehemu moja huenda kwenye kioo na kurudi, nyingine hubaki kuwa ya kulinganishia. Zikikutana tena huchora mistari ya mwanga na giza, na mstari ukipinda, uso wa kioo una bonde au mwinuko. Kwa kuwa mpindo wa kioo cha Hubble haukuwa wa tufe, mwanga ulipitishwa kwanza kwenye kifaa cha vioo viwili na lenzi ndogo, kilichopangwa ili kioo sahihi kitoe mistari iliyonyooka.

Kila kitu, basi, kilitegemea lenzi hiyo ikae mahali pake. Umbali wake ulipimwa kwa fimbo ya invari, aloi ambayo joto halitanui kirahisi. Ncha ya fimbo ilivikwa kofia yenye tundu, mwanga wa kupimia uiguse ncha tu. Kofia ilipakwa rangi isiyoakisi, ila rangi ilikuwa imebanduka kidogo. Mwanga ukarudi kutoka kwenye kofia.

Tofauti: milimita 1.3. Lenzi ilipogoma kufika ilikotakiwa, ziliongezwa washa za kawaida ili ifike. Hapo ndipo kazi ilipaswa kusimama.

Tena vifaa vingine viwili vya kupimia kioo vilionyesha kasoro. Vilipuuzwa kwa hoja kwamba usahihi wao ulikuwa mdogo kuliko wa kile kikuu. Hoja hiyo haikutosha, kwani kosa lilikuwa kubwa kiasi cha kuonekana hata kwa vifaa hivyo.

Baadaye tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Lew Allen ilikikuta kifaa kikuu Danbury kama kilivyoachwa, ikakipima, ikaupata upotofu wenyewe. Kioo kilikuwa kimelifuata kosa hilo kwa uaminifu, kwa hiyo wahandisi waliweza kuchonga vioo vidogo vyenye kasoro ya kinyume. Desemba 1993, wanaanga wa chombo cha Endeavour walivifunga huko huko angani.