Gari ya James Bond ilikufa mara moja tu

Kwa watu wengi, gari ya James Bond ni moja: Aston Martin DB5 ya rangi ya feza, ile ya filimu Goldfinger ya mwaka 1964. Miye nasema gari yake ya kweli ilikuwa ingine, na ilikufia ndani ya kitabu. Ndugu na dada zangu, mutanivumilia: nilisoma agronomia, si sinema. Lakini mambo ya kutafuta kitu kipya kichukue nafasi ya kile kilichokufa, hayo tunayajua vizuri kazini.

Tuanze na filimu. Katika Skyfall (2012), ya Sam Mendes, Bond anatoa DB5 katika depo moja ya London, anapakia mkubwa wake M, wanakimbilia Scotland. Adui Silva anafika na helikopta, risasi zinanyesha, gari inalipuka. Mutazame uso wa Daniel Craig pale. Baadaye atalipua nyumba ya wazazi wake mwenyewe na hatajali. Gari njo inamuuma. Ni sekunde chache tu, lakini kwangu hakuna mahali pazuri kupita pale katika filimu nzima, juu tunaona mtu asiye na muke wala mtoto, moyo wake ameuweka ndani ya chuma. (Nilipojua kama ile iliyolipuka ni modeli, theluthi moja tu ya ukubwa wa gari, nilicheka. Nani angekubali kuchoma DB5 ya kweli?)

Shida inakuja katika Spectre (2015). Q, fundi wa serikali, ako na mabaki ya DB5 katika atelye yake, anayatengeneza polepole. Wakati ule ule serikali iko na gari mpya, DB10. Aston Martin ilitengeneza 10 tu juu ya ile filimu. Ya kuchukua nafasi si hii sasa? Apana, wameipa mwenzake, 009. Bond anaiiba, anakimbizana nayo usiku katika Roma, halafu anaruka na parashuti, gari inazama katika mto Tiber. Kwisha. Hakuna hata dakika moja ambamo anaigusa usukani na kujiuliza kama ataizoea. Mwisho wa filimu DB5 imefufuka, inang'aa, anaingia na Madeleine Swann, wanaenda zao.

Hapo njo nawalaumu. Skyfall ilituliza, na Spectre inakuja kutuambia kama tulilia bure.

Najua mutanijibu: kwetu pia hatutupi gari! Fundi wetu anaweza kuchukua Carina iliyopinduka, akaiweka motere ya ingine, na mlango wa rangi ya ingine, na kesho inapakia watu saba. Ni kweli, na ninaheshimu kazi ile. Lakini Carina ile inatembea na makovu yake. Ukiiona unajua kama ilianguka. DB5 ya Q haina hata alama ya kucha.

Sasa kitabu: Moonraker ya Ian Fleming, 1955. Musikichanganye na filimu ya 1979, ile ya Roger Moore mwenye kupanda mpaka angani. Haya hayamo mule. Bond wa kitabu ako na Bentley ya lita 4.5, muzee ya rangi ya kijivu. Aliinunua 1933 ikiwa karibu mpya, na wakati wa vita akaificha salama. Usiku mmoja anafukuza adui wake Drax barabarani. Mtu wa Drax anakata kamba juu ya lori, marobota makubwa ya karatasi ya magazeti yanaporomoka, Bentley inajipiga ndani. Q hayuko. Gari inaishia katika garaji ya Maidstone, basi.

Halafu Fleming anafanya kitu filimu zilikosa ujasiri wa kufanya: anamwacha Bond achague. Karibu na mwisho, Bond anajaribu Bentley Mark VI ya 1953, ya wazi juu, na rangi yake ni kijivu kile kile cha ile iliyokufa. Motere mpya, ngozi ya zamani.

Miye niliposoma pale niliwaza mihogo. Mozaiki ikishambulia shamba, sisi wenye lisansi tunaleta aina yenye kuvumilia ugonjwa, na tunasema mambo ya tani kwa hekta. Mama mwenye shamba anauliza: na sombe yake? Majani yanaiva upesi? Ugali wake unavutana sawa na ule wetu? Wenye proje wanaandika katika raporo kama wakulima ni wagumu. Lakini yule mama hakatai kipya. Anaomba kitu kimoja kibakie, na mengine yote anakubali yabadilike. Kijivu cha Bond ni sombe ya yule mama.

Na Fleming hakumwonea huruma. Bond alikuwa ameshinda pauni 15,000 za Drax kwa karata, na alikuwa akiota gari mpya hata kabla ya ile ya zamani kuvunjika (wote tuko hivyo). Anakubali kununua Mark VI kwa sharti moja: ifikishwe Calais kesho yake jioni. Anataka kuzunguka Ufaransa na Gala Brand. Kurasa chache mbele, Gala anamwambia kama anaenda kuolewa na mwingine. Gari mpya iko, kiti cha pembeni ni kitupu.

Kwa kuwa tuko wana-agronomia: herufi DB ni David Brown, Mwingereza aliyekuwa anatengeneza matrakta kabla ya kununua Aston Martin mwaka 1947. Nawaachia hiyo bure.

No Time to Die (2021) ni ndefu mno, na sehemu za kati zilinichosha. Lakini mule Bond anatoa katika garaji Aston Martin ingine ya zamani, V8, na mwishoni, yeye akiwa amekufa, Madeleine njo anaiendesha, na mtoto Mathilde ameketi pembeni yake.