Stesheni ya Kupigia Picha

Wageni wangu kutoka Dar wakifika Tanga huomba niwapeleke stesheni ya treni wapige picha. Nimeshawapeleka wengi, na picha ni ileile: reli, ukuta wa zamani, dada mwenye gauni jeupe akitazama mbali kana kwamba kuna treni inakuja. Chini wanaandika: "Enzi za Mjerumani."

Mwanga wa saa kumi na moja jioni pale ni mzuri, siwezi kubisha. Ila naona picha hizo zinaisoma stesheni vibaya, zinaishia ukutani.

Mjerumani alianza kutandika reli hapa mwaka 1893, ya kwanza katika koloni lake la Afrika Mashariki. Ilifika Muheza 1896, Moshi 1911. Mashamba yalihitaji njia ya kufikisha mazao bandarini. Waliobeba mataruma begani hawamo kwenye maelezo ya picha za mtu yeyote. Ukisimama stesheni na kuupa ukuta mgongo, utaona jambo jingine. Upande mmoja ni mji wa bandarini na ofisi za serikali, na miti yake mikubwa. Upande wa pili ni Ngamiani, yenye barabara za namba badala ya majina. Reli ndiyo mpaka. Haikukuta mji umegawanyika. Ilisaidia kuugawa, na watu wakapangwa huku na huku.

Dar, reli ya SGR iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 imepandishwa juu ya nguzo inapoingia mjini. Stesheni yenyewe inang'aa kupita kiasi kwa macho yangu, lakini zile nguzo nazipenda: treni inapita juu, bodaboda na watu wanapita chini, wala hakuna anayeambiwa upande wake ni upi.

Bibi yangu wa Muheza hadi leo akija mjini husema anakwenda "ng'ambo ya reli." Ujana wake alikuwa akipanda treni na vikapu vya machungwa, anashuka stesheni hiihii ninayowapeleka wageni. Mimi sijawahi kupanda treni Tanga hata siku moja.

Desemba 2019 redio ilitangaza kwamba treni ya abiria imerudi njia ya kaskazini. Bibi akanipigia simu asubuhi, hata shikamoo yangu hakuisubiri vizuri.

"Mjukuu wangu, nenda stesheni kaniulizie inapita Muheza saa ngapi."

Sikuhitaji kwenda. Treni ile inatoka Dar, inapanda kwa kipande cha reli kilichofunguliwa 1963, inaikuta njia yetu karibu na Korogwe, kisha inashika uelekeo wa Moshi. Tanga, reli ilikoanzia, haifiki. Muheza vilevile. Mji unaojisifu kwa "waja leo waondoka leo" hauna hata treni ya kumleta huyo mja.

Nilimweleza taratibu. Akanyamaza, nikadhani simu imekatika.

"Kwa hiyo imerudi kwa nani?" akauliza.

Jumamosi ile alikuja kwa basi, gunia la machungwa likiwa kwenye buti. Nilimpokea stendi. Tulipofika mahali barabara inapokatiza reli, alinishika mkono, akasimama, akatazama kushoto na kulia kabla ya kuvuka.