Rais Arthur na Bendera ya Nyota Moja

Watu wengi wa kwetu wanalijua jina la Lincoln, aliyewafungua watumwa wa Marekani. Wachache wanalijua jina la Chester Arthur, aliyekuwa Rais wa nchi ile tangu 1881 hata 1885. Lakini Arthur aliigusa nchi yetu ya Kongo kwa namna ambayo Lincoln hakuigusa. Tarehe 22 Aprili 1884 serikali yake iliitambua bendera ya buluu yenye nyota moja ya dhahabu, bendera ya chama cha Leopold wa Pili, Mfalme wa Wabelgiji. Hakuna dola iliyotangulia kufanya hivyo. Wanaosimulia maisha ya Arthur humsifu kwa mambo mengine, na jambo hili hulipita upesi. Sisi hatuwezi kulipita. Basi, tumpime mtu huyu bila chuki na bila upendeleo.

Arthur alizaliwa mwaka 1829 huko Fairfield, katika Vermont. Baba yake alikuwa mhubiri wa Kibaptisti aliyetoka Ireland. Aliuchukia utumwa, wala hakuogopa kusema hivyo mbele ya watu. Mtoto alikua akiyasikia maneno hayo nyumbani. Akasoma sheria, akawa wakili katika mji wa New York.

Mwaka 1854, siku ya Dominika, mwalimu mmoja mweusi, Elizabeth Jennings, alikuwa akienda kupiga kinanda kanisani. Akapanda gari la abiria lililovutwa na farasi. Wenye gari wakamtoa kwa nguvu kwa sababu ya rangi yake. Arthur, kijana asiyetimiza bado miaka ishirini na sita, akamsemea mbele ya hakimu, na mwaka 1855 wakashinda. Mama Jennings akalipwa dola 225, nayo kampuni ile ikaagizwa kuwapokea abiria weusi. Tulishike jambo hili mpaka mwisho: katika kesi ile Arthur alimwona aliyeonewa kwa macho yake, akamsikia kwa masikio yake.

Miaka ikapita, naye akapenda siasa kuliko sheria. Mwaka 1871 akawekwa kuwa mkubwa wa ushuru katika bandari ya New York, mahali palipoingia fedha nyingi kuliko bandari nyingine zote za nchi ile. Chini yake walikuwamo wafanyakazi karibu elfu moja. Wengi hawakupata kazi kwa sababu ya ujuzi, bali kwa sababu walikuwa watu wa chama. Ilipofika siasa ya uchaguzi, walikatwa sehemu ya mshahara ili kukilisha chama. Arthur aliyajua haya, akayaendesha. Mwaka 1878 Rais Hayes akamwondoa. Tukimtazama wakati ule, tunamwona Zakayo kabla hajapanda mti.

Mwaka 1880 chama chake kilimchagua kuwa makamu wa Garfield, ili kuliridhisha kundi la rafiki zake. Tarehe 2 Julai 1881 mtu mmoja akampiga Rais Garfield risasi katika stesheni ya Washington. Muuaji akasema kwa sauti kwamba yeye ni wa kundi la akina Arthur, na kwamba sasa Arthur atakuwa Rais. Aibu gani kwa mtu kusikia jina lake katika kinywa cha muuaji! Garfield aliugua mpaka tarehe 19 Septemba, akafa. Taifa zima likaogopa.

Katika siku zile za kungoja, mwanamke mmoja mgonjwa wa New York, Julia Sand, alimwandikia Arthur barua. Hakuwa mtu wa cheo, wala hawakujuana. Alimwambia wazi kwamba watu wanamwogopa, tena kwamba bado anaweza kugeuka na kuwa mtu mwema. Barua zake zilifika ishirini na tatu. Mwezi wa Agosti 1882 Rais mwenyewe akaenda nyumbani kwake kumwamkia, bila kupiga hodi ya barua kwanza. Na alipokaribia kufa, mwaka 1886, aliagiza karatasi zake zichomwe moto, lakini barua za mwanamke huyo zilibaki. Mkubwa anayezitunza barua za mtu anayemkemea si mtu mbaya.

Naye aligeuka kweli. Tarehe 16 Januari 1883 alitia sahihi sheria iitwayo ya Pendleton. Tangu hapo kazi nyingine za serikali zilitolewa kwa mtihani, si kwa urafiki, na ikakatazwa kuwalazimisha wafanyakazi hao kukilipa chama. Mwanzoni sheria hiyo ilishika kazi moja tu katika kumi, lakini ilikuwa mlango. Rafiki zake wa zamani walikasirika. Yule aliyekula katika chungu kile ndiye aliyekivunja.

Hata hivyo wema wake ulikuwa na mipaka. Mwaka 1882 Bunge lilitaka kuwazuia vibarua Wachina wasiingie nchini kwa miaka ishirini. Arthur alikataa kuitia sahihi sheria ile, maana ilivunja mapatano na China. Bunge likarudi na sheria ya miaka kumi, naye akaitia sahihi. Hapa naona udhaifu wake: aliweza kuisimamia haki mara moja, lakini hodi ya pili ilimchosha.

Sasa tuje kwa maneno yake juu yetu. Tarehe 4 Desemba 1883 alilipelekea Bunge waraka wake wa kila mwaka, ambao hata leo unasomeka. Katika waraka ule mna sehemu moja juu ya bonde la Kongo. Anasema kwamba bonde hili tajiri, lenye watu wengi, linafunguliwa na chama ambacho Mfalme wa Wabelgiji ni mkubwa wake. Kwamba watemi wamekipa chama nchi kubwa. Kwamba barabara zimekatwa, mashua za moshi zinapita mtoni, na vituo ishirini na viwili vimewekwa chini ya bendera moja. Anaongeza kwamba bendera hiyo inaleta uhuru wa biashara na kukataza biashara ya watumwa. Mwisho anaeleza kwamba chama kina nia ya huruma, wala hakitafuti kutawala daima.

Ukiusoma waraka huo polepole, utaona neno moja la ajabu. Kila kitu kinafanyiwa Kongo, lakini hakuna Mkongo anayesema. Watemi wametajwa mara moja tu, nao wametajwa kama watu wanaotoa. Ni nani aliyemwambia Rais haya yote? Ni Henry Sanford, Mmarekani aliyekuwa zamani balozi wa nchi yake kule Ubelgiji, na sasa mtu wa Mfalme Leopold. Sanford alikuwa amekwenda Washington kwa kazi hiyo, akaandika mapendekezo ya maneno, na Arthur akayatumia kwa kubadili kidogo tu. Kwa hiyo sauti tunayoisikia katika sehemu ile ya waraka ni ya mjumbe wa Brussels, ijapokuwa sahihi ni ya Rais.

Mbona mwana wa adui wa utumwa alinaswa hivi? Wapo watakaojibu kwamba ni biashara tu. Ni kweli, biashara ilikuwamo. Tena Seneta Morgan wa Alabama, aliyewahi kuwa jenerali wa upande wa wenye watumwa, aliunga mkono jambo hili kwa nguvu, kwa kuwa alitamani kuona weusi wa Marekani wakihamia Kongo. Lakini kwa Arthur mwenyewe nadhani kuna sababu nyingine. Wawindaji wetu hawategi mtego mahali popote. Wanautega kwenye njia anayopita mnyama. Njia ya Arthur ilikuwa kuchukia utumwa. Wakati ule misafara ya watumwa ilikuwa ikitoka kweli Nyangwe na Kasongo, na wazee wetu waliilia. Mtu alipomwambia kwamba bendera ile itakomesha jambo hilo, aliamini. Alinaswa kwa upande wake mwema, si kwa upande wake mbaya.

Tena, katika waraka ule ule wa Desemba 1883 yapo maneno mengine. Miezi miwili kabla, Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeitangua sheria ya 1875 iliyowalinda weusi katika magari, hoteli na nyumba za michezo. Arthur akaliambia Bunge kwamba likitunga sheria halali ya kuwalinda raia wote sawasawa, yeye ataikubali bila kusita. Hapo ninamsikia wakili wa Elizabeth Jennings. Karatasi moja, mkono mmoja: huku anatetea haki ya watu anaowajua, huku anampa mwingine nchi ya watu asiowajua.

Na huku kwetu mambo yalikuwaje? Tarehe 1 Aprili 1884, wiki tatu kabla ya bendera kutambuliwa, watemi wa Ngombi na Mafela walitia alama zao katika mapatano na watu wa Stanley, yule ambaye wazee walimwita Bula Matari. Kwa vitambaa vya nguo, na kitambaa kimoja kila mwezi kwa kila mtemi, mapatano yale yalisema kwamba wanaacha haki zote za utawala wa nchi yao, tena kwamba watatoa watu wa kufanya kazi. Ni nani atakayeamini kwamba walielewa wanaiuza nchi ya mababu kwa nguo? Kama Rais angemleta mtu mmoja tu wa kule, akamuuliza kama alivyomuuliza Mama Jennings, angalisikia habari nyingine. Kuuliza si ujinga. Hata Yoshua, mtumishi wa Mungu, alipotazama mikate mikavu ya Wagibeoni bila kuuliza, alidanganywa, akafunga mapatano.

Ujerumani ulifuata Novemba 1884, na dola nyingine nyuma yake. Mwaka 1885 nchi yetu ikawa mali ya mtu mmoja, mpaka 1908. Habari za kaucho, za fimbo na za mikono iliyokatwa tunazijua. Sina haja ya kuzirudia.

Lakini haki ina njia zake. Siku chache kabla ya kuacha kiti, Machi 1885, Arthur alimteua Mmarekani mweusi, George Washington Williams, awe balozi katika Haiti. Serikali mpya haikumruhusu kuishika kazi hiyo. Mwaka 1890 Williams akaja Kongo. Yeye hakusoma karatasi za Sanford. Alipanda mto, akatazama, akawauliza watu. Tarehe 18 Julai 1890, akiwa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo, alimwandikia Mfalme Leopold barua ya wazi, akiyahesabu maovu moja moja: nchi zilizochukuliwa kwa hila, vijiji vilivyochomwa, watu waliofanywa watumwa chini ya bendera iliyoahidi kuukomesha utumwa. Alikufa mwaka uliofuata huko Uingereza. Arthur alikuwa amekwisha kufa, hakuisoma barua ile. Mtu yule yule aliyetaka kumheshimu ndiye aliyesema alichopaswa yeye kukiuliza.

Basi, hukumu yangu ni hii. Chester Arthur hakuwa mkorofi. Alikuwa mtu aliyetubu, na toba yake ilizaa matunda katika nchi yake. Lakini moyo safi hautoshi kwa mtu mwenye kalamu ya serikali. Alimsikiliza Julia Sand kwa sababu barua zake zilimfikia. Wazee wetu hawakuwa na njia ya kumwandikia, na yeye hakutafuta njia ya kuwasikia. Kosa lake ni hilo, na sahihi yake ilitusumbua miaka mingi.

Tusimcheke. Sisi tulio makatekista na wajumbe wa parokia huandika ripoti juu ya jamaa na vijiji tusikolala hata usiku mmoja. Mwingine anatuletea maneno yaliyokwisha kupangwa vizuri, yenye sura ya huruma, nasi tunatia sahihi. Kabla ya kuishika kalamu, tushike njia kwanza, tukapige hodi kwa yule ambaye karatasi inamhusu.