Filme nzuri, lakini baridi iko wapi?

Wandugu wa chama, wiki iliyopita niliangalia tena ile filme ya Robert Redford ya 1992, A River Runs Through It, iliyotoka ndani ya kitabu cha Norman Maclean cha 1976. Ni habari ya watoto wawili wa pasta huko Montana, Marekani, wanaovua samaki truti kwa nzi bandia kwenye muto Blackfoot. Mpiga picha wake, Philippe Rousselot, alipata Oscar, na alistahili: ile kamba inavyozunguka hewani penye jua, unaweza kuiangalia siku nzima.

Lakini mimi nilisoma agronomie, na shamba haliangaliwi siku ya mavuno tu. Ndani ya filme wanavua kwenye mwangaza wa majira ya joto. Mwenye kuvua wakati wa baridi anajua muto mwingine. Maji iko karibu na digrii 0, barafu inaganda kwenye vipete vya fimbo mpaka kamba inakwama. Mwili wa samaki unapoa sawa na maji, basi anakaa kwenye shimo, penye maji ya polepole, hakimbilie chakula. Kurusha kamba kwa madaha haisaidie sana. Unashusha nzi mudogo karibu na chini, unangoja, tena saa za muchana tu. Ukimushika, usimutoe ndani ya maji: hewa ya baridi kali inaweza kugandisha matamvua yake.

Na chini ya changarawe kuna mayai. Truti ya kahawia, iliyoletwa toka Ulaya, inataga kabla ya baridi, na mayai yanangoja humo miezi yote ya theluji. Buti moja tu inaweza kuyaponda. Hapo ndipo samaki wa kesho wanaamuliwa, sawa na mbegu ndani ya udongo. Filme hailigusi jambo hilo.

Tena, muto tunaouona si Blackfoot. Sehemu kubwa walipiga picha kwenye Gallatin na mito mingine, juu Blackfoot yenyewe ilikuwa imechoka. Miti ilikatwa sana, na mwaka 1975 ukuta uliozuia mabaki ya mugodi wa Mike Horse ulibomoka, metali ikaingia ndani ya maji. Sisi wa Katanga hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Redford alitafuta muto wa zamani, ninamuelewa. Ninachokosoa ni kuazima muto muzima na kunyamaza juu ya mugonjwa. Waliomuuguza ni wengine: mwaka 1993 wafugaji na wakaaji wa bonde lile waliunda Blackfoot Challenge, wakaanza kazi ya polepole, isiyo na Oscar.

Muiangalie, ni nzuri kweli. Lakini anayependa muto wakati wa jua tu, bado hajaupenda.